Laptopu Isiyozimika Kabla ya Magharibi

Dada yangu hakuwahi kusema kwamba anataka laptopu nzuri. Alisema anataka laptopu ambayo haitazimika kabla ya Magharibi. Nilidhani ni namna yake ya kusema tu, mpaka tulipozunguka maduka ya Jinja na Mbale naye akarudia maneno hayo hayo kwa kila muuzaji, na kila muuzaji akamtazama kama mtu aliyekuja kununua kompyuta ya kuswalia.

Mtaani kwetu Nalufenya, hapa Jinja, Uganda, watu humwita Hajati, na mimi mdogo wake humwita dada tukiwa nyumbani, Hajati tukiwa mbele za watu. Anasimamia duka la vitenge na mabuibui ambalo si lake. Ni la ndugu wa marehemu mumewe, nao hawasahau kumkumbusha. Jumatatu na Alhamisi hupanda basi kwenda Mbale kuchukua mali kwenye maduka ya jumla, na kwa kawaida jioni huwa amerudi. Kazi iliyo yake mwenyewe, ambayo hakuna shemeji anayeweza kuitia mkono, ni nyingine. Hununua na kuuza fedha za kigeni kwenye mtandao: euro kwa dola, dola kwa yeni.

Aliianza akiwa amepita miaka hamsini, eda ikiwa imekwisha na nyumba imekuwa kimya. Mwaka mzima alitumia akaunti ya mazoezi, ile yenye pesa za uongo. Kila alichofanya alikiandika kwenye daftari la shule, na sababu yake pembeni. Niliwahi kulisoma daftari hilo. Ukurasa mmoja alikuwa ameandika, "Nimenunua kwa sababu nilikuwa na hasira na shemeji. Hii si sababu." Nimefanya kazi ya habari miaka mingi, nimehoji mawaziri na wezi, na ni wachache waliowahi kunieleza makosa yao kwa uwazi huo.

Akiwa Mbale, ofisi yake ni kona ya duka la jumla la mzee mmoja anayemuuzia vitenge. Hukaa juu ya robota la nguo ambalo bado halijafunguliwa, laptopu mapajani, simu pembeni ikimpa mtandao. Wateja humpita, wapagazi humruka, mzee mwenye duka humletea chai. Simu peke yake haitaki kwa kazi hiyo. Mara moja kidole chake kilibonyeza "nunua" alipotaka "uza", na tangu hapo husema simu ni ya kusalimiana.

Sasa nieleze habari ya Magharibi, maana ndiyo iliyochagua laptopu. Katika soko hilo, ukinunua na usiuze mpaka siku ikageuka, unatozwa riba ya usiku, au unalipwa riba, kutegemea umeshika fedha gani. Dada yangu hataki kuitoa wala kuipokea. Ziko akaunti zinazosema hazina riba, zimetengenezwa kwa ajili ya Waislamu. Aliyasoma masharti yake mpaka mwisho, akakuta baada ya siku kadhaa kuna ada ya huduma. "Wamembadilisha jina," aliniambia, "lakini mnyama ni yule yule." Basi akajiwekea sheria kali kuliko ya soko lenyewe. Siku yetu hugeuka jua linapozama. Kwa hiyo hakuna biashara yake itakayosikia adhana ya Magharibi ikiwa wazi, yaani amenunua na hajauza.

Laptopu yake ya zamani ilimvunjia sheria hiyo. Betri ilikuwa imevimba hadi kibodi ikainuka upande mmoja. Siku moja mvua ilimlaza Mbale, umeme ukakatika mji mzima, laptopu ikazima palepale, na simu iliyokuwa ikiipa mtandao tangu asubuhi nayo ikaishiwa. Biashara ikabaki wazi hadi asubuhi. Mtu mwingine angefurahi, kwa sababu aliamka na faida, na juu ya faida riba kidogo, senti za kununulia peremende. Yeye aliangalia zile senti kama mtu aliyekuta mende kwenye uji. Riba haijengi msikiti. Aliitoa pamoja na faida yote ikatengeneze choo cha shule, wala hakusema ni sadaka. Kisha akaweka nadhiri mbele yangu na mbele ya binti yake. Adhana ya Magharibi ikimkuta tena na biashara wazi, ataiacha kazi hiyo.

"Hata kama ni kosa la mashine?" nilimuuliza.

"Mashine haitaulizwa," akasema.

Ndiyo maana aliniomba nimsindikize kununua nyingine. "Wewe andika, mimi nitaangalia." Nilifurahi. Nilichora jedwali: memori, diski, kasi, ukubwa wa kioo, uzito, bei. Na kwa kuwa alitaka kila kitu kiwe mahali pamoja, nilimwandikia nyuma ya daftari lake lile lile la biashara nyakati za Magharibi za mwezi mzima. Nilizinakili kutoka ubaoni kwenye msikiti wetu, kwa mwandiko safi, bila kosa hata la dakika moja.

Tulianzia Jinja. Kijana wa dukani alitutolea mashine iliyokuwa ikiwaka taa nyekundu na buluu chini ya kila herufi, ikipumua kwa nguvu.

"Hajati, hii ndiyo ya watu wa forex. Iko na nguvu kabisa!"

"Mbona inahema?"

"Ni feni, Hajati. Inapoza."

"Inapoza nini, na bado haijafanya kazi?" Akaiweka mapajani, akaitoa baada ya muda mfupi, akapangusa buibui lake pale ilipokuwa. "Hii nitaitumia kupiga pasi." Akauliza chaja yake ikoje. Kijana akatoa kitu kizito kama tofali. Tukaondoka.

Mbale tulifika Alhamisi asubuhi, tukaingia duka la laptopu zilizokwisha kutumika, karibu na soko. Kwetu tunazungumza Kiswahili tangu babu wa baba yetu aliyekuja huku na jeshi kutoka Sudani, na tunakizungumza bila kujikwaa. Mjini huku Kiswahili cha kunyooka kinawakumbusha watu kambi za askari. Mwenye duka, Mgisu mnene, mwenyeji wa huko, mwenye kalamu sikioni, alisimama wima.

"Afande, karibu. Leo mumekuja kukagua?"

"Afande alikuwa babu yangu, na amekufa. Nionyeshe laptopu isiyozimika kabla ya Magharibi."

Jamaa akacheka, akaleta nyembamba, ya rangi ya fedha, mpya ndani ya sanduku. "Iko hii. Sanduku inasema saa kumi bila umeme."

Niliitazama kwenye jedwali langu: ilishinda kila safu. Nikamwambia dada kwamba kwa maoni yangu safari imekwisha.

"Sanduku halifanyi kazi," alisema. "Chomoa chaja."

"Sasa hivi?" akauliza mwenye duka.

"Sasa hivi. Nitakaa hapa mpaka izime."

"Hajati! Mimi nafunga saa kumi na mbili!"

"Basi omba izime mapema."

Alikaa kweli. Aliomba stuli, akafungua akaunti ya mazoezi, akaweka chati nne za bei, akaunganisha simu, akafanya kazi kama siku yoyote. Nimewahi kuona watu wakinunua magari kwa umakini mdogo kuliko ule. Kila nusu saa alinitajia kiasi cha betri nami nikaandika. Alifumba macho akaandika tarakimu, kisha akafumbua kuona kama vidole vilipotea. Aliibeba hadi barazani, juani, akaigeuza huku na huku.

"Naona uso wangu," alisema. "Bei sizioni."

Kioo kilikuwa kinang'aa mno, kama cha kujitazamia. Ilipofika saa nane na dakika kumi mchana, mashine ya saa kumi ikazima. Haikuwa imefanya kazi hata kwa muda wa saa sita.

Mwenye duka aliaibika kidogo. Akavuta kutoka chini ya meza laptopu nyeusi, pana, yenye kona zilizochubuka na alama ya gundi mgongoni palipokuwa na kibandiko cha ofisi fulani ya ng'ambo. "Hii sikuonyesha sababu ni ya wazee. Watu hapana penda. Lakini angalia." Akaigeuza, akasukuma vilimi viwili, na betri ikatoka mkononi mwake kama droo. Mashine ikaendelea kuwaka. Ndani, alieleza, ina betri nyingine ndogo ya kuishikilia wakati unabadilisha. Unatembea na mbili, moja ndani, moja kwenye mkoba.

Dada yangu aliishika betri, akaipima uzito mkononi. Akamwomba airudishe, aitoe tena, airudishe. Kisha akamwomba alete bisibisi afungue mgongo mbele yake.

"Kwa nini, Hajati?"

"Nataka kuona kama fundi wangu wa Jinja ataifungua bila kulia."

Skrubu zilikuwa za kawaida. Kioo hakikung'aa. Herufi zilizama chini ya vidole kama zinavyopaswa. Nilimwonyesha jedwali: mashine hiyo ilikuwa nzito, ya zamani, ya polepole.

"Yote uliyoandika ni ya mbio," akaniambia. "Nani hapa anakimbia? Mimi nafanya biashara mbili kwa siku, saa nyingine moja, saa nyingine nasubiri tu. Kusubiri kunataka kasi gani?"

Hakuinunua siku hiyo. Alirudi Jumatatu akazishindia betri zote mbili, moja baada ya nyingine, kutoka duka lilipofunguliwa mpaka mwenyewe akaanza kufagia. Ndipo wakazungumza bei. Ilichukua muda mrefu, ikapita kwenye habari za watoto, bei ya ndizi na afya ya mama yake mwenye duka, na mwisho wote wawili walionekana kuridhika na kuumia sawasawa. Alipotuaga, jamaa alisema, "Hajati, siku ukitaka kazi, kuja unijalibie mashine zangu zote." Na ninaamini hakuwa anatania.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri kumtazama. Alikaa juu ya robota lake bila kutafuta soketi, bila kumwomba mzee wa vitenge awashe jenereta. Umeme ulipokatika, duka zima lilinung'unika naye akaendelea kusoma chati zake, na mzee akawa anawaambia wateja kwa fahari, kana kwamba yeye ndiye aliyeichagua, "Hiyo ya Hajati haijui giza." Alasiri, Wamarekani wanapoingia sokoni na bei kuanza kutembea kwa hatua ndefu, zamani alikuwa tayari amefunga kwa kuogopa betri. Sasa aliweza kukaa. Kidogo kidogo alisogea. Alifunga saa kumi na moja, kisha kumi na moja na nusu, kisha kumi na mbili, akirudi Jinja na basi la usiku. Niliona, na sikuona ubaya. Mashine mbovu ilimfanya awe mwoga. Mashine nzuri ilimpa ukingo wote wa siku, naye akaanza kutembea ukingoni.

Kisha ikaja Alhamisi ambayo mali ya mzee ilichelewa mpakani, na tukakubaliana kulala Mbale. Dada alikuwa ameshika biashara tangu alasiri, dola kwa yeni, nayo ilikuwa inamwendea vizuri. Saa kumi na mbili na nusu ikapita. Betri ya pili ilikuwa bado na zaidi ya nusu. Akafungua nyuma ya daftari, akapitisha kidole kwenye safu yangu ya nyakati, akatazama saa iliyo pembeni ya kioo.

"Bado dakika nne," alisema. "Naipa mbili."

Mzee wa vitenge alikuwa anafunga milango ya mbao. Mlima unaoinuka juu ya mji ulikuwa umeshabadilika rangi nyuma ya mapaa. Na msikiti wa mtaa ule ukaanza kuadhini.

Dada yangu alibonyeza kufunga kabla mwadhini hajamaliza takbira ya kwanza. Nilikuwa karibu, niliona kidole. Lakini takbira ilikuwa imeanza, na biashara ilikuwa wazi.

"Ameadhini mapema," nilisema.

Msikiti wa pili ukaanza, upande wa barabara kuu. Kisha wa tatu. Mzee alitutazama, akachukua daftari, akasoma safu yangu, akaguna.

"Hizi nyakati za wapi?"

"Jinja," nikasema.

"Jinja! Bwana, jua linatoka kwetu linakuja kwenu. Kuzama pia linaanza kwetu. Dakika tatu, nne. Hata mtoto wa madrasa hapa anajua. Mtu wa Jinja akifunga Ramadhani hapa lazima tumwambie, la sivyo anatutazama tunakula yeye amekaa."

Niliona aibu iliyonishuka hadi miguuni. Nilikuwa nimenakili kwa usahihi kabisa, jua la mji mwingine.

Nilifanya nilichozoea kufanya. Niliinuka nikatafute ushahidi. Laptopu ilikuwa imeandika sekunde biashara ilipofungwa. Nikasema nitamuuliza mwadhini alianza sekunde gani, na huenda saa yake inatangulia. Dada alikuwa ameshatandika mswala nyuma ya marobota. Aliniita kabla sijafika mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kuuliza."

"Uulize nini? Masikio ni yangu, na yamesikia. Usinitafutie dirisha, njoo tuswali."

Siku tatu hakuigusa laptopu. Dukani Nalufenya aliuza mabuibui kama kawaida, akapokea maneno ya shemeji zake kama kawaida, na mimi niliyekaa naye nikaona jinsi siku ilivyokuwa ndefu kwake kati ya mteja na mteja. Binti yake alimwambia nadhiri ilikuwa juu ya mashine kuzima, na mashine haikuzima. Akamjibu, "Nilisema adhana. Sikusema mashine." Nilimwambia kosa ni langu. Akasema hilo ni kweli, na kwamba chai iliyobaki kwenye chupa ni yangu pia.

Siku ya nne alikwenda kwa sheikh wetu, nami nikiwa nyuma. Alieleza jambo lote bila kujitetea, hata akasema betri ilikuwa na kiasi gani. Sheikh alimsikiliza, akamuuliza maneno aliyotamka siku ya nadhiri, neno kwa neno, akayarudia. Akasema nadhiri ya namna hiyo, mtu anapojifunga ili ajizuie, ina milango miwili. Aiache kazi kama alivyosema, au atoe kafara ya kiapo, yaani alishe maskini kumi, kisha awe huru.

"Wewe unaona nichague upi?" dada akamuuliza.

"Mimi nakuonyesha milango. Miguu ni yako."

Jumamosi alipika yeye mwenyewe, pilau ya nyama, kwenye sufuria aliloazima msikitini. Nilitumwa kutafuta watu kumi wenye haja ya kweli, na nikaambiwa nisilete marafiki zangu. Wengine walitoka Wanyange, kando ya ziwa, kinamama wanaoparua samaki wa watu. Walikula barazani kwake, wakajaziwa tena, na mmoja akauliza kama kuna harusi. Dada akamwambia hapana, kuna deni la mdomo.

Nilidhani mambo yamekwisha hapo, kwamba amelipa na atarudi kama zamani. Jumatatu tukiwa Mbale nikaona sivyo. Kwenye ukurasa mpya alikuwa ameandika sheria mpya, kwa herufi kubwa: Alasiri. Hatangoja tena Magharibi, ya mji wowote. Nilimkumbusha kwamba alasiri ndipo soko linapoamka, kwamba mashine ile aliinunua kwa ajili ya saa hizo hizo.

"Najua," alisema. "Sheikh amenipa ruhusa ya kuendelea. Hakunipa ruhusa ya kucheza na dakika."

Adhuhuri ikapita. Alikuwa na biashara moja, ya euro, iliyolala kama paka tangu asubuhi. Saa kumi kasorobo ikaanza kupanda. Mzee wa vitenge, ambaye siku hizi anaweza kusoma chati kidogo kwa kuchungulia, alisimama nyuma yake na kikombe.

"Hajati, inakwenda! Iache kidogo."

"Iende salama," akasema, akaifunga, akakunja laptopu, akaenda kutawadha.

Iliendelea kupanda. Mzee na mimi tuliitazama kwenye simu ya dada muda wote alipokuwa anaswali, tukiumia kwa ajili yake. Aliporudi tukamwonyesha. Aliangalia vizuri, kwa makini ya mtu wa kazi, akataja mahali ambapo angeifunga kama angekuwa bado ndani. Baada ya muda bei ikafika hapo hapo, ikageuka. Hakutaja tena. Alikuwa ameshainama kwenye robota, anapima upana wa kitenge kipya kwa mkono, akimuuliza mzee kwa nini safari hii pindo ni jembamba.